Kwetu Mnyama Hufukuzwa, Huku Huitwa

Jumapili, 10 Aprili 1988. Riverdale, Maryland

Miaka ishirini na minne tangu nitoke Unguja. Nahesabu kila mwezi wa nne, kwa kuwa ndio mwezi niliotoka. Hesabu haiumi kama zamani. Inachosha tu.

Asubuhi yote msasa. Kisanduku cha pili kimekwisha. Mbavu za mwerezi, kifuniko cha mninga. Mninga umetoka kwenye mbuzi ya nazi iliyovunjika mguu. Zuhura alinikuta nikiukata.

"Mbuzi yangu umeifanya nini?"

Nikamwambia ilishakufa.

"Ilikuwa mgonjwa tu," akasema, akaondoka. Mke wangu huyu hukasirika kwa ratiba: mpaka adhuhuri, halafu basi. Sasa nazi anaisaga kwa blenda. Anasema tui la blenda halina adabu.

Kisanduku ni cha kumwitia bata mzinga wa porini. Ni kirefu kupita kiganja, chembamba, wazi juu. Kifuniko kimeshikwa na skrubu moja ili kicheze. Unapaka chaki, unakisugua juu ya ukingo, na mbao zinalia kama jike anayetafuta wenzake. Dume akisikia, huja. Hupulizi kitu. Huweki kitu kinywani. Ramadhani ikiingia hilo litakuwa jambo kubwa.

Alinifundisha Walter, jirani yangu, seremala wa reli aliyestaafu. Alikufa mwaka juzi. Yeye fani yake ilikuwa filimbi za mbao za kuwaitia elki, wale kulungu wakubwa wa milima ya magharibi wenye pembe kama mti uliopukutika majani. Alikuwa akiipuliza uani kwake, hapa hapa Riverdale, ikatoa ukelele mrefu wa dume mwenye hasira, na mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza. Kila mwaka alisafiri siku nyingi kuwafuata. Upande wetu elki hakuna. Kuna bata mzinga, kwenye vilima vya mbele ya mji wa Sterling. Akanifundisha kwa hao.

Kanuni yake aliirudia mpaka nikaichoka: usiipige sauti. Piga ulichokiona, kichwa chake chekundu na ule ushungi wa kifuani unaoning'inia kama ndevu. Sauti ni ahadi tu.

Visanduku viwili, ubao mmoja. Kimoja changu, kimoja cha Kamau, mwenzangu wa kuwinda. Nilifumba macho, Zuhura akaviliza kwa zamu. Sikuweza kuvitofautisha. Nilijiona fundi.

Jumatano, 13 Aprili

Jicho la kulia lina ukungu. Nimeficha la kushoto kwa kiganja nikatazama taa ya barabarani. Imekuwa ua la pamba.

Napigia bega la kulia. Nalengea jicho hilo.

Sikumwambia Zuhura. Kamau hajui. Akijua hatanipa bunduki, na atakuwa na haki. Nataka msimu huu mmoja. Nataka bata mzinga wa Idd niliyemtafuta mwenyewe, mezani kwangu, watu wakiuliza umempata wapi. Nina miaka sitini na tisa, na hiyo ndiyo sababu yangu. Haitoshi. Najua.

Jumamosi, 16 Aprili

Msimu umefunguliwa. Tumetoka kabla ya alfajiri kwa gari la Kamau. Mimi huku siendeshi.

Kamau ni mtu wa Nyeri, Mkristo, umri wa kuwa mwanangu. Anatunza wazee katika nyumba moja huko Bladensburg. Tulijuana dukani aliponisikia nikimtukana samaki kwa Kiswahili. Anasema mimi ni mzee wa ziada, aliyeongezewa bila kuulizwa.

Shamba ni la Bi Ruth, mjane, mahali barabara inapoanza kupanda. Ametupa ruhusa sisi wawili tu. Hakuna mwingine msituni. Jambo hili hunituliza.

Utaratibu wetu ni mmoja. Kila mtu na mti wake, mgongo kwenye shina pana kuliko mabega. Yeye juu, ukingoni mwa shamba, nyuma yangu. Mimi chini, nikitazama bonde. Hapana mtu kuondoka mpaka mimi nisimame nimwite kwa jina, kwa sauti ya kibinadamu.

Nikaita. Dume akajibu kutoka ng'ambo ya kijito, mlio kama maji yanayotoka kwa pupa kwenye chupa ya shingo nyembamba. Hakuja.

Nilipomwita Kamau alishuka na chupa yake ya chai. Kifuniko chake chekundu ndicho kikombe. Akaninywesha kwanza mimi.

"Chai ya kwetu hiyo, Mzee. Si ile maji ya moto Wamarekani wanaita chai."

Nilimsimulia usasi wa Makunduchi, nilipokuwa nikimfuata mjomba. Nyavu zimetandazwa, mbwa, mayowe, debe linapigwa, paa anakimbilia kamba. Kwetu mnyama hufukuzwa. Huku huitwa. Wa kufukuza anahitaji pumzi. Wa kuita anahitaji kukaa kimya akiwa na hamu, na hilo ni gumu kuliko pumzi.

Jumatatu, 18 Aprili

Ramadhani imeingia. Zuhura amepika uji wa pilipili manga. Mimi nimeungua kidole kwa kuushika ubavu wa sufuria nikidhani ni mpini wake. Nikasema haraka ni ya njaa.

Jumamosi, 23 Aprili

Tumempoteza kwa ulimi wangu.

Niliswali alfajiri kando ya shamba, juu ya koti. Kamau alisimama pembeni na kofia mkononi mpaka nikatoa salamu. Kisha kila mtu mtini kwake.

Dume alikuja mwenyewe. Alikuja wazi, mkia umefunguka kama upepeo wa bibi harusi, katikati ya uwanja, jua likimpiga. Hata jicho langu lilimwona. Nikainua bunduki. Nikasema, kama nilivyozoea tangu utotoni kila ninapotwaa roho ya mnyama, Bismillahi Allahu Akbar. Kwa sauti. Kabla sijavuta alikuwa hayupo.

Kwa madhehebu yetu kulitaja jina ni suna, si lazima, na hata moyoni linatosha. Lakini mimi nimelelewa na wachinjaji. Jina hutajwa lisikike.

Kamau alishuka akicheka mpaka akashika mti.

"Mzee, umemsilimisha yule ndege! Ameenda kutafuta msikiti."

"Cheka tu."

"Si unong'one basi? Mungu hana shida ya masikio."

Nimeazimia kunong'ona.

Chai hakunywa. Niliiona chupa mkobani kwake. Nikamwambia anywe, mimi sijali, nimefunga huku miaka mingi nikitazama watu wanavyokula. Akakataa. "Mbele ya mzee amefunga? Wacha, nilikuwa na mama mimi." Akakaa na kiu yake njia nzima. Nilimpenda kwa hilo.

Alhamisi, 28 Aprili

Wakati wa kufuturu nimemimina sharubati kando ya gilasi. Si kidogo. Zuhura alinitazama. Kisha akaniletea sindano na uzi mweusi, eti yeye amechoka, nimtungie.

Nilijaribu. Alininyang'anya sindano kabla sijajiaibisha.

"Utakwenda kwa daktari."

"Baada ya Idd."

"Na msituni?"

Nikamwambia msituni kunatumika masikio. Si uongo wote.

Jumamosi, 30 Aprili

Ukungu bondeni. Ukungu juu ya ukungu.

Niliita. Kimya. Nikaita tena. Kitu kikasogea karibu na kijito, kikubwa, cheusi, kikainama, kikainuka. Niliona kifua. Niliona ushungi. Naapa niliuona. Bunduki ilikuwa begani na kidole mahali pake.

Kunguru akatua juu ya kile kitu.

Kilikuwa kisiki. Kimesimama pale tangu siku ya kwanza. Nilikwisha kukitazama Jumamosi zote.

Niliilaza bunduki chini. Nilimwita Kamau, nikasema baridi, turudi. Njiani alizungumza habari za zamu zake. Sikusikia hata moja. Nilikuwa nikijiuliza kama kisiki kile kingekuwa na watoto.

Nimeogopa. Naandika hivi ili nisijidanganye kesho.

Jumatano, 4 Mei

Kamau na mkewe wamekuja kufuturu nasi. Mkewe ni Wanjiru, muuguzi, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka. Zuhura amepika mkate wa kumimina na samaki wa nazi, na ameomba radhi kwa tui.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia Kamau leo. Nilipanga na maneno. Nikamsubiri tuwe wawili.

Wanjiru akanitangulia. Alikuwa amekaa mkabala nami, taa ikinipiga usoni.

"Mzee, hiyo jicho yako ya right inaanza kuwa nyeupe. Unaona vizuri kweli?"

Meza nzima ikanigeukia. Zuhura akashusha kijiko.

"Naona kama kipanga," nikasema.

Kamau akacheka. "Si nimekuambia? Huyu mzee ni sniper."

Wanjiru hakucheka. "Nauliza juu Kamau anaenda na wewe na bunduki ziko mbili."

Nikarudia. Kama kipanga. Nikamwongezea samaki. Zuhura aliangalia sahani yake, na sikujua kama ataniumbua. Hakuniumbua. Angalau mbele ya wageni.

Walipoondoka akasema sentensi moja: "Usimwue mtoto wa watu." Akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kabla msimu haujafungwa kwetu. Inayofuata Kamau ana zamu. Nimejiahidi nitakwenda kuita tu. Bunduki nitaichukua kwa ada, sitaiinua ila ndege awe wazi kabisa kama yule wa kwanza. Nimejiahidi hivyo.

Jumamosi, 7 Mei

Nimempiga Kamau.

Yu hai. Bega na mgongo wa mkono. Yuko hospitali.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 8 Mei

Nitaandika ilivyokuwa. Nusu nimeiona, nusu amenieleza yeye garini.

Alikuja kunichukua moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Macho mekundu. Tulifika giza likianza kufifia. Nikaswali. Akapanda mtini kwake, nikashuka kwangu. Nilimwambia: mpaka nikuite. Akasema: sawa, Mzee.

Jua lilipotoka, usingizi ulimzidi. Alitaka chai. Alipokuwa amekaa kulikuwa wazi, na alidhani nikigeuza shingo nitamwona akinywa. Hakujua kwamba kwa umbali ule mimi simwoni hata akicheza ngoma. Basi akainuka kimya kimya, akazunguka kwa nyuma, akateremka bondeni, akajificha nyuma ya kichaka mbele yangu, ng'ambo ya kijito. Aondoke mbele ya macho ya mzee aliyefunga. Ndiyo sababu nzima. Hakuna nyingine. Adabu.

Alikusudia anywe, arudi. Pale pale akamsikia dume karibu yake. Akasahau chai. Akatoa kisanduku mfukoni, akaita.

Mimi nikasikia jike.

Nilijua Kamau yuko juu, nyuma. Sauti ilitoka chini, mbele. Kwa hiyo haikuwa ya Kamau. Hesabu rahisi. Na sauti yenyewe ilikuwa safi, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, namna jike anavyofanya akikosa subira. Nikajibu kwa kisanduku changu. Akanijibu. Tukaitana hivyo, mimi na mbao nilizozikata kwa mkono wangu, na sikuzitambua. Kamau naye anasema muda wote huo alidhani mimi namsaidia kumvuta dume.

Dume halisi akalia mara moja, kati yetu au karibu. Halafu kimya.

Nikaona wekundu. Kitu chekundu kiliinuka nyuma ya kichaka, kikashuka, kikainuka. Kama kichwa cha dume anayedonoa. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai. Kamau alikuwa ameamua anywe akisubiri.

Niliona kichwa. Niliona shingo. Niliona mwili mweusi chini yake, na ushungi. Vyote hivyo havikuwapo.

Nikainua bunduki. Ahadi ya Jumatano sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimeazimia kunong'ona, na nilijaribu, lakini kinywa kilikuwa kikavu kwa saumu na ulimi umeganda. Ikabidi nikohoe, na jina likatoka lote kwa kifua: Bismillahi Allahu Akbar. Kama nimesimama juu ya ng'ombe.

Kidole kilikuwa kimekwisha anza.

Kamau alisikia. Anayajua maneno hayo na anajua ninayasema lini. Anasema hakufikiri, mwili ulifikiri. Alijitupa kifudifudi. Marisaa, zile risasi ndogo kama punje za mtama, nyingi zilipita mahali kilipokuwa kifua chake zikaingia kwenye mti. Chache hazikupita.

Nilichosikia baadaye hakikuwa ndege.

"Mzee! Ni mimi! Mzee, ni mimi!"

Nilivuka kijito kwa viatu. Nilianguka. Nilimkuta amekaa, chai imemwagika mapajani mwake, damu inashuka kwenye vidole, na ananitazama kwa mshangao, si kwa hasira. Nilimfunga kwa kilemba changu. Alitembea mwenyewe mpaka nyumbani kwa Bi Ruth. Mimi ndiye niliyeshikiliwa.

Bi Ruth alitupeleka kwa gari lake la mizigo. Njiani Kamau, meno yakigongana, akasema:

"Angalau umetaja jina, Mzee. Nyama ni halali."

Sikuweza kucheka. Akaniomba nicheke. Sikuweza.

Hospitali walimtoa nyingi. Mbili zitabaki, ziko karibu na mfupa. Mkono utafanya kazi, wanasema. Labda vidole viwili vitakuwa vizito.

Nilifuturu kwa maji, bila kusikia adhana. Zuhura aliniwekea chakula, akakaa karibu. Hakusema “nilikuambia.” Ningependa angesema.

Jumanne, 10 Mei

Ofisa wa wanyamapori amekuja hospitali kutuuliza. Sheria inataka hivyo mtu akipigwa msituni. Kijana mpole, kofia gotini.

Kamau alitangulia kusema, kabla sijakaa vizuri. Alisema kosa ni lake. Alitoka mahali pake bila kuitwa, akaita kwa chombo cha kuitia ndege, akashika kitu chekundu msituni, jambo ambalo hata mtoto wa huku anajua halifanywi. Yote ni kweli. Ofisa alikuwa akiitikia kwa kichwa, na niliona mambo yanaelekea kufungwa hapo. Ajali. Mtu alisogea.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hivi kwa sababu kwa muda nilinyamaza.

Wanjiru alikuwa dirishani na sare yake ya kazi.

Nikasema jicho langu la kulia halioni. Nikasema nimejua tangu kabla ya msimu. Nikasema wiki iliyotangulia nilikaribia kukipiga kisiki, sikumwambia mtu. Kiingereza changu ni cha vitabu, na siku zote kimenisaidia kujificha kidogo. Safari hii kilitoka kifupi.

Ofisa aliacha kuitikia kwa kichwa.

Wanjiru alinigeukia. Hakupaza sauti.

"Nilikuuliza. Kwa meza yako, Mzee, nikila chakula yako, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia kipanga."

Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeficha dawa chini ya ulimi. Akatoka.

Nikamtazama Kamau. Nilitaka mzaha wake, hata wa kunisimanga. Alikuwa amegeukia ukuta. Jumamosi alinisamehe kwa haraka kwa kuwa alidhani nimekosea. Sasa anajua nilijua.

Bunduki na kibali nimevikabidhi. Kuvikabidhi hakukuniuma.

Ijumaa, 13 Mei

Nimepiga simu. Wanjiru amepokea. Amelala, akasema. Adhuhuri bado amelala. Jioni simu imelia mpaka ikachoka.

Zuhura amepeleka sufuria ya mtori mwenyewe, kwa basi, mpaka mlangoni kwao. Amerudi nayo tupu. Aliyemfungulia ni Wanjiru. Walizungumza nini? "Ya wanawake." Nimeuliza kama Kamau yuko vizuri. Anatembea, kasema. Ameuliza habari zangu? Zuhura akavua viatu taratibu. "Hakuuliza."

Sisomi. Kitabu kiko wazi ukurasa ule ule. Namwona akianguka kifudifudi. Namwona pia asipoanguka, na huyu wa pili namwona vizuri zaidi kwa lile jicho bovu.

Kama ningenong'ona, leo tungekuwa tumemzika.

Daktari wa macho ameniweka mwezi ujao. Nilikwenda jana. Anasema ni kazi ndogo.

Jumanne, 17 Mei

Idd. Waislamu wa Sterling wamekula Idd jana, wanasema mwezi umeonekana mahali fulani. Sisi wa Riverdale tumekula leo. Mwaka ujao tutabishana tena.

Zuhura amepika pilau ya kuku. Kuku wa dukani.

Kamau amekuja baada ya adhuhuri. Peke yake. Amekuja kwa basi kwa sababu ya mkono, umefungwa kitambaa shingoni. Nilikuwa uani, sikumwona mpaka aliposimama karibu. Nilimtambua kwa kikohozi.

"Idd mubarak, Mzee."

Nikamjibu. Nikamvutia kiti. Akakaa. Kisha akasema alikuwa na hasira nyingi, na bado anayo kidogo, lakini mama yake alimfundisha kwamba mzee hasusiwi siku yake ya sikukuu. Wanjiru hatakuja. Labda siku nyingine. Labda hapana.

Nikamwambia Wanjiru ana haki. Nikamwomba radhi, kwa maneno yasiyo na pambo. Aliitikia kwa kichwa, akaangalia pembeni. Sote wawili tuliona aibu, tukashukuru Zuhura alipoleta sahani.

Alikula kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa hilo. Akataniwa na Zuhura kwamba anakula kama Mmarekani. Akacheka. Kicheko chake cha zamani, kifupi zaidi.

Baada ya kula akaniambia Bi Ruth ameuliza habari zetu. Msitu upo. Mwakani, jicho likishatibiwa, niende tu. Nisibebe bunduki. Nikae naye mti mmoja, mgongo kwa mgongo, niite, yeye apige. "Hakuna anayeita kama wewe, Mzee. Hata mimi, najua ni wewe, nasikia kama ni ndege."

Alisema kwa moyo mweupe. Nilimwona anavyotaka nikubali.

Nimemwambia jicho litapona. Lakini jicho liliona wekundu tu. Kichwa, shingo, mwili, ushungi, hivyo niliviongeza mimi, kwa kuwa nilikuwa nikivitaka tangu Aprili. Hilo hakuna daktari wa kuliondoa mwezi ujao.

Akainuka kuaga. Zuhura amemfungia pilau ampelekee mkewe. Sijui kama Wanjiru ataila. Nimemsindikiza mpaka kituoni, nikasimama naye hadi basi likaja.

Sasa ni jioni. Kumenyesha kidogo, kumeacha. Majani ya mti wa uani yamefunguka yote. Kule vilimani madume watakuwa wanalia bado, na majike wa kweli wanawajibu.

Msituni sitarudi.